Sura ya Nne: Kimya cha Recanati na Kimya cha Mvita

Katika shule za sekondari za mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Ofafa Jericho hadi Buruburu na Dandora, ushairi wa Kiswahili hufundishwa kwanza kama kazi ya kuhesabu. Mwanafunzi hupewa ubeti, akahesabu mishororo yake, yaani mistari, akagawa kila mshororo katika ukwapi na utao, ambavyo ni vipande vyake viwili, akahesabu mizani, yaani silabi, akaonyesha vina vya kati na vya mwisho, kisha akaandika kwamba shairi ni tarbia kwa sababu kila ubeti una mishororo minne. Kazi hiyo ina faida yake, kwa kuwa asiyejua kipimo hawezi kusikia pale mtunzi anapokivunja kwa makusudi. Hata hivyo, mara nyingi somo huishia papo hapo, na swali kubwa zaidi hubaki bila kuulizwa: mtunzi alikuwa akifikiri nini, na kwa nini fikra hiyo aliiweka katika beti chache zenye kipimo badala ya kuiandikia kitabu.

Swali hilo hupata jibu zuri pale wanapowekwa pamoja watunzi wawili walioishi wakati mmoja bila kujuana. Wa kwanza ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa, yaani Mvita, ambaye wataalamu hukadiria kwamba alizaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Wa pili ni Giacomo Leopardi wa Italia, aliyezaliwa 1798 na kufariki 1837. Wote wawili walitunga mashairi ya nafsi, maana yake tungo fupi ambazo ndani yake mtu mmoja husema anachokihisi na anachokiona, tofauti na utenzi unaosimulia vita au maisha ya mitume kwa mamia ya beti. Wote wawili walikuwa pia wanafalsafa, ingawa ni Leopardi peke yake anayepewa jina hilo vitabuni. Kumnyima Muyaka jina hilo ni dhuluma, na sababu yake ni mazoea ya kudhani kwamba fikra nzito ni ile tu iliyoandikwa kwa nathari ndefu na kuwekwa kabatini.

Leopardi alizaliwa Recanati, mji mdogo juu ya kilima karibu na pwani ya mashariki ya Italia, katika eneo lililokuwa kwa karne nyingi milki ya Papa. Baba yake, Monaldo, alikuwa bwana wa ukoo wa kikabaila ambaye mali yake ilikuwa imepungua, lakini alikusanya maelfu ya vitabu na mwaka 1812 akaifungua maktaba yake kwa watu wa mji. Mama yake, Adelaide Antici, alishika hesabu za nyumba kwa mkono mkali. Katika maktaba hiyo mtoto Giacomo alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, sehemu kubwa bila mwalimu, na kati ya umri wa miaka 11 na 18 alisoma kwa bidii iliyopita kiasi, hata mgongo wake ukapinda na macho yake yakadhoofika asipone tena. Mwaka 1819 alijaribu kutoroka nyumbani, lakini baba yake akagundua mpango huo na kuuzuia. Baadaye aliishi Roma kwa muda mfupi, kisha Bologna, Pisa na Firenze, na kuanzia 1833 aliishi Napoli pamoja na rafiki yake Antonio Ranieri, na huko ndiko alikofia tarehe 14 Juni 1837 wakati kipindupindu kilikuwa kimeenea mjini.

Fikra zake Leopardi aliziandika katika daftari aliloliita Zibaldone, alilolianza 1817 na kuliacha 1832 likiwa limefikia kurasa 4,526 za mkono wake. Humo, mwezi Julai 1820, aliandika maelezo yanayojulikana kama nadharia ya raha, ambayo ni msingi wa karibu kila alichokitunga baadaye. Binadamu, anasema Leopardi, hajipendi kwa kiasi, hujipenda bila mpaka, na kwa hiyo raha anayoitamani nayo haina mpaka. Lakini kila raha inayopatikana duniani ina mwanzo na mwisho, ina ukubwa fulani na muda fulani. Basi aliyepata alichokitaka hugundua kwamba hakukitaka hicho tu, naye hubaki na upungufu uleule aliokuwa nao kabla ya kupata. Pale ambapo hakuna maumivu wala raha hubaki uchovu wa nafsi, hali ambayo Leopardi aliiona kuwa nzito kuliko huzuni, kwa sababu mwenye huzuni angalau ana kitu kinachomshughulisha.

Watu wa zama zake walitafuta njia rahisi ya kumjibu, wakasema kwamba mtu mwenye mgongo uliopinda hawezi kuiona dunia ikiwa imenyooka. Leopardi aliumizwa na maneno hayo. Katika barua aliyomwandikia mwanachuoni Louis de Sinner mwezi Mei 1832 alitaka hoja zake zipingwe kwa hoja, wala zisihesabiwe kuwa dalili za maradhi yake. Alikuwa na haki kamili. Mwenye njaa anaposema kwamba chakula hakitoshi, njaa yake haiyafanyi maneno hayo kuwa uongo, na hakuna mkaaji wa mtaa wa kipato cha chini anayehitaji kufundishwa jambo hilo.

Miongoni mwa maandiko ya nathari ambayo Leopardi aliyachapisha 1827 katika kitabu cha Operette morali, yapo mazungumzo aliyoyatunga mwezi Mei 1824 kati ya mtu wa Iceland na Maumbile, na msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuyatazama. Mtu huyo amezunguka dunia nzima akiyakimbia Maumbile, yaani nguvu zinazoleta baridi, joto, tufani, magonjwa na uzee, kwa kuwa amegundua kwamba popote anapokwenda humdhuru. Mwisho anafika katikati ya Afrika, chini ya mstari wa ikweta, mahali ambapo mwandishi anasema hapajawahi kukanyagwa na mtu yeyote, na papo hapo anayakuta Maumbile yenyewe katika sura ya mwanamke mkubwa mno aliyeuegemea mlima. Anayauliza kwa nini yanawatesa viumbe ambao hawakuomba kuzaliwa. Maumbile yanamjibu kwamba hayakuwahi kufikiria raha wala taabu ya binadamu, na kwamba dunia ni mzunguko wa kuumba na kuharibu ambao hauwezi kuendelea kimoja kikikosekana. Mtu huyo anauliza swali la mwisho, kwamba mzunguko huo unamfaa nani, na kabla hajajibiwa, kwa masimulizi mamoja, simba wawili waliokonda kwa njaa wanamla.

Swali hilo la mwisho ni miongoni mwa maswali makubwa ya karne ya kumi na tisa. Lakini mahali lilipoulizwa panahitaji kusahihishwa. Mstari wa ikweta hupita Kenya, na nchi iliyo kaskazini na kusini yake ilikuwa na watu, mashamba, mifugo na njia za biashara karne nyingi kabla ya 1824. Leopardi, aliyejua Kigiriki kuliko wasomi wengi wa Ulaya, aliijua Afrika kupitia vitabu vya kale na simulizi za wasafiri tu, kwa hiyo alipohitaji mahali pasipo na mtu kwa ajili ya hoja yake, alilichukua bara hili na kuwaondoa wenyewe. Mwaka huohuo wa 1824, mwezi Februari, nahodha wa Kiingereza William Owen alikubali ombi la Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, akauweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza ili Seyyid Said, mtawala wa Oman, asiutwae. Ulinzi huo ulidumu hadi 1826. Luteni Reitz, ambaye jina lake limebaki Port Reitz, aliachwa kuusimamia na akafariki mwaka huohuo wa 1824. Katikati ya mashaka hayo, katika mji uliojaa watu, mabaharia, wafanyabiashara na wapelelezi, alikuwepo mtunzi aliyekuwa akiuliza maswali yake mwenyewe kuhusu bahati, hila na mwisho wa mambo.

Muyaka alikuwa mfanyabiashara, na maisha yake yalipanda na kushuka pamoja na biashara. Tungo zake huzungumza juu ya vita na siasa, juu ya mapenzi na ndoa, juu ya urafiki unaosaliti, juu ya ukata, yaani hali ya kukosa fedha, na juu ya kifo. Aliwaunga mkono Wamazrui dhidi ya Seyyid Said, na aliishi kuona mengi: kushindwa kwa Mombasa na Pate katika vita vya Shela, karibu na Lamu, mnamo 1812, kupanda kwa nguvu za Oman mwambao mzima, na hatimaye 1837, mwaka uleule aliofariki Leopardi, kuangushwa kwa Wamazrui na kupelekwa uhamishoni kwa viongozi wao waliokamatwa kwa hila. Tungo za kuchokozana zilipita kati ya Mombasa na Lamu, ambako mtunzi na kiongozi Zahidi Mngumi aliusemea upande wa pili. Katika siasa ya wakati huo shairi halikuwa pambo la vita. Lilikuwa sehemu ya vita vyenyewe, kwa maana lilitangaza, likatisha, likatahayarisha na kudai jibu.

Wachunguzi wa fasihi husema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo inataka kufafanuliwa, kwa sababu haimaanishi kwamba Muyaka aliiacha dini. Ushairi mkubwa ulioandikwa kabla yake ulikuwa hasa wa tendi za kidini na mawaidha, ukitungwa na wanazuoni wa Pate na Lamu. Muyaka alikichukua kipimo cha shairi, yaani ubeti wa mishororo minne ambamo kila mshororo una mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, akakifanya chombo cha kusema jambo lolote linaloweza kumpata mkaaji wa mji. Ubeti mmoja una mizani sitini na nne tu, na tungo zake nyingi ni za ubeti mmoja au beti chache. Ndani ya nafasi hiyo mtunzi hana ruhusa ya kuzunguka: lazima jambo liletwe, ligeuzwe upande wa pili, na mshororo wa mwisho ulifunge au uliache wazi kwa makusudi. Huko ndiko kufikiri, wala si kupamba fikra iliyokwisha kufikiriwa mahali pengine.

Tofauti na ukaribu wa watunzi hawa wawili huonekana vizuri zaidi katika jambo moja ambalo kila mmoja wao alilitungia shairi mashuhuri, nalo ni kimya.

Shairi la Leopardi, L'infinito, lilitungwa 1819, mwaka wa jaribio lake la kutoroka. Lina mishororo kumi na mitano isiyo na vina, kila mmoja wa mizani kumi na moja. Mtunzi ameketi kilimani karibu na kwao, na mbele yake kuna ua wa vichaka unaomzuia kuona sehemu kubwa ya upeo wa macho. Kwa sababu haoni, akili yake huanza kuumba nafasi zisizo na mwisho nyuma ya ua ule, na kimya kikubwa kupita cha binadamu. Halafu upepo unapita katika majani, naye anakilinganisha kimya kile na sauti hii, akakumbuka umilele, zama zilizokufa na wakati uliopo wenye sauti yake, na shairi huishia katika utamu wa kupotea ndani ya ukubwa huo. Nadharia ya raha aliyoiandika mwaka uliofuata imo humo tayari: kwa kuwa nafsi hutamani kisicho na mpaka na macho hayawezi kukipata, kizuizi ndicho kinachoifungulia nafsi njia, maana nyuma ya kizuizi akili huweza kuweka lolote. Msomaji wa Umoja au Kayole, ambaye dirisha la chumba chake hutazamana na ukuta wa jengo la jirani, ana ua wake wa Recanati, na anajua kwamba kuona kidogo hakumaanishi kuwaza kidogo.

Shairi la Muyaka kuhusu kimya, ambalo hupatikana katika mikusanyo mingi ya mashairi ya Kiswahili, halina kilima wala upepo. Kimya chake ni cha mtu. Mtunzi hulirudia jina la kimya mwanzoni mwa mishororo, akieleza, kwa kuwategemea wazee, kwamba hakifai kudharauliwa, kwamba kinahitaji mtu ajifunge kibwebwe, na kwamba mbele yake kuna mambo ambayo hayajatokea. Shairi hilo halielezi ni nani aliyenyamaza wala kwa nini, na kutoelezwa huko ni sehemu ya maana yake, kwa sababu msikilizaji huachwa katika hali ileile ya mtu wa Mombasa ya wakati ule, aliyelazimika kukisia kila siku kilichofichwa na majirani, na watawala, na merikebu zilizokuwa bado hazijatia nanga.

Watunzi wote wawili wanasema kwamba kisichoonekana kina nguvu juu ya akili kuliko kinachoonekana. Leopardi anakielekeza kisichoonekana kwenye ulimwengu, na matokeo yake ni utamu uliochanganyika na hofu. Muyaka anakielekeza kwenye moyo wa mtu mwingine, na matokeo yake ni tahadhari. Lililo zito kwa Muyaka ni kwamba hatuwezi kuingia ndani ya nafsi ya mwenzetu, kwamba tunaishi naye kwa dalili tu, na kwamba dalili iliyo ngumu kuliko zote kuisoma ni kukosekana kwa dalili. Tatizo hilo, la namna mtu anavyoweza kujua yaliyo katika akili ya mwingine, lina sura nzima katika vitabu vya falsafa vya vyuo vikuu, na Muyaka alilikabili kwa beti chache ambazo kila mwenye kusikia Kimvita, lahaja ya Mombasa, aliweza kuzishika kwa moyo.

Kuna tofauti nyingine ambayo mizani na vina haviwezi kuionyesha. Leopardi aliandika peke yake. Zibaldone haikukusudiwa kusomwa na umma, na mashairi yake yaliyokusanywa katika Canti, iliyochapishwa Firenze 1831 na kuongezwa Napoli 1835, mara nyingi humwita mtu asiyeweza kujibu: msichana aliyekufa, mwezi, shomoro wa mnarani, nyota. Mashairi ya Muyaka yalitungwa ili yajibiwe. Wengine walimtumia fumbo, yaani swali lililofichwa ndani ya picha, naye akalifumbua kwa vina na mizani, au yeye akafumba na kungoja. Desturi hiyo ya kujibizana hufanya fikra iwe mali ya watu wawili au zaidi, kwa sababu shairi la kwanza halijakamilika mpaka lije la pili, na la pili hufungwa na kipimo cha la kwanza. Wanafalsafa wa Ugiriki wa kale waliandika mazungumzo ya kubuni ili kuleta hali hiyo. Waswahili wa Mombasa waliifanya kweli.

Inafaa hapa kumtaja mtunzi wa tatu, kwa sababu yeye anamkaribia Leopardi zaidi ya Muyaka katika jambo moja. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi hadi mnamo 1820, aliyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka na kutunga Al-Inkishafi, utungo unaouonya moyo usidanganywe na dunia. Leopardi naye, mwaka mmoja kabla ya kufa, alikuwa akikaa chini ya Vesuvius, mlima wa volkano uliouzika mji wa Pompeii mwaka 79, na akatunga shairi refu, La ginestra, juu ya mmea wenye maua ya manjano unaoota katika mawe yaliyoungua. Wote wawili waliona magofu na wote wawili waliona kiburi cha binadamu kikiwa kimelala humo. Mwanachuoni wa Pate aligeuka akaitazama Akhera. Leopardi, ambaye hakuitarajia Akhera, aligeuka akawatazama watu wengine: kwa kuwa adui wa wote ni Maumbile yasiyojali, alisema, watu wanapaswa kuungana na kusaidiana badala ya kulaumiana kwa mateso ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyaleta. Wanaomwita Leopardi mshairi wa kukata tamaa mara nyingi hawajafika kwenye shairi hilo.

Kuhifadhiwa kwa kazi za watunzi hawa kulitegemea mno bahati na juhudi za watu wachache. Daftari la Leopardi lilibaki mikononi mwa Ranieri kwa zaidi ya miaka hamsini, na ni baada ya Ranieri kufariki 1888 ndipo lilipoweza kuchapishwa, kati ya 1898 na 1900. Tungo za Muyaka zilibaki katika kumbukumbu za wazee wa Mombasa na katika karatasi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mjuzi mkubwa wa lugha aliyefariki 1890, alipozikusanya na kuzifafanua kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ilitolewa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya kifo cha mtunzi. Taylor na Hichens ndio waliopata sifa ndefu katika vitabu. Sifa iliyo kubwa kuliko zote ni ya Sikujua, kwa sababu bila sikio lake hakuna ambaye angejua shairi gani lilikuwa jibu la lipi.

Mwaka 1979 Kenya Literature Bureau ilichapisha Nairobi utafiti wa Mohamed Hassan Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, juu ya Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya kumi na tisa. Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1997, Abdulaziz huyohuyo, pamoja na Ken Osinde, alichapisha makala juu ya Sheng, msimbo wa vijana wa Nairobi unaochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya, na ambao chimbuko lake huelezwa kuwa ni mitaa ya mashariki ya jiji. Mtu anaweza kushangaa kwamba mtaalamu wa tungo za Mombasa ya kale aligeukia maneno ya vijana wa Kaloleni na Bahati, lakini kwa kweli hakuhama mbali. Muyaka alitunga kwa lugha iliyosemwa sokoni wakati ambapo lugha ya heshima ya ushairi ilikuwa ya kaskazini, ya Lamu na Pate. Vijana wa mashariki ya Nairobi nao walichukua lugha ya uani, ya kwenye makutano ya makabila, wakaifanya chombo cha kusemea mambo yao.

Kiswahili kilifika upande huo wa Nairobi mapema. Miongoni mwa vijiji vya kwanza vya Waafrika katika jiji hilo vilikuwemo Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini, ambavyo wakaaji wake wengi walikuwa Waislamu waliokuja na misafara, biashara na reli. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwahamishia huko watu wa vijiji hivyo, na Pangani, kilichokuwa cha mwisho kubomolewa, kilitoweka mwishoni mwa miaka ya 1930. Majengo ya Pumwani na jirani yake Shauri Moyo yakawa mahali ambapo desturi za mwambao, pamoja na ngoma na mashindano ya maneno, ziliishi katikati ya jiji la bara. Kisha zikafuata Kaloleni katika miaka ya 1940, Bahati, Maringo, Jericho, na katika miaka ya 1970 Buruburu, Umoja na Dandora. Tangu 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani, kila mtoto wa mitaa hiyo amekutana na tarbia darasani.

Nje ya darasa mtoto huyohuyo amekutana na mchongoano, mchezo wa kutaniana kwa zamu ambamo kila mzaha lazima ujibiwe na mzaha mkali zaidi, na ambamo anayekosa jibu hushindwa mbele ya wote. Mchongoano hauna vina vya lazima wala mizani iliyohesabiwa, lakini kanuni yake ya msingi, kwamba neno hudai neno, Muyaka angeitambua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilipata umaarufu nchini Kenya kwa kufoka kwa Kiswahili na Sheng, wakati ambapo wengi walidhani kwamba muziki huo ni wa Kiingereza, na kutokana nalo likakua kundi kubwa zaidi la Ukoo Flani Mau Mau. Walizungumza juu ya polisi, njaa, jaa la taka, marafiki waliokufa na nchi iliyowasahau. Katika tungo zao Maumbile ya Leopardi hayapo. Nguvu isiyojali wanayoikabili ina ofisi na ina bajeti, na kwa hiyo swali la kwamba mzunguko huu unamfaa nani, ambalo mtu wa Iceland alikufa bila kujibiwa, huko Dandora lina watu wanaoweza kutajwa. Hapo ndipo watunzi wa mashariki ya Nairobi wanapoachana na Mwitalia na kusimama pamoja na Muyaka, aliyejua majina ya watawala aliokuwa akiwasema.

Tungo hizo za Nairobi ziko leo katika hali ambayo tungo za Muyaka zilikuwa nayo kabla ya Sikujua. Baadhi zimerekodiwa, lakini nyingi zilitungwa papo kwa papo barazani, katika kumbi za mitaa na katika vituo vya matatu, na zimo vichwani mwa watu ambao wakati huo walikuwa vijana na sasa wana watoto wa kidato cha nne. Anayezikusanya atalazimika kufanya alichokifanya Sikujua: kuuliza ni nani alisema kwanza, ni nani alijibu, jina lililotajwa lilikuwa la nani, na neno ambalo halisemwi tena lilimaanisha nini katika mtaa ule mwaka ule. Mahali pa kazi hiyo papo, kwa kuwa maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan, zimekarabatiwa katika miaka ya karibuni na shirika la Book Bunk na milango yake iko wazi kwa watu wa mitaa hiyo.